Sijakamatwa, Asanteni kwa Kuuliza

Kwanza kabisa: sijakamatwa. Sikulala seli, sikufukuzwa na panga, na sijawahi kuuza shamba la mtu yeyote. Nasema hivi kwa sababu jamaa wa Kondele ametuma voisi ya dakika nne kwa kila mwenye simu hapa Kisumu, eti nimeingia biashara ya hati bandia za ardhi huko kwetu Bunyore. Wewe jamaa ulikuwa kando ya ziwa unakula samaki. Aliyekuwa chini ya ule mwembe ni mimi. Basi tulieni niwaeleze mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole, maana leo ni Jumanne na haya yalinipata Jumapili.

Mnaijua michezo yetu ya Jumamosi pale Migosi, ile ya kuigiza visa vya kutisha mezani: dadu, mishumaa, na watu wazima wanne wenye kodi za kulipa wakitetemeka kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Msimulizi ni mimi. Kisa cha msimu huu ni cha 1927. Sarveya wa reli anatumwa kupima njia ya kutoka Kisumu kwenda Butere, anafika karibu na Luanda, anapotea. Kinachobaki ni mkoba wake wa karatasi. (Reli yenyewe ilifika Butere miaka michache baadaye, kwa hiyo hesabu zangu zimekaa vizuri. Niko makini, hilo ndilo tatizo.)

Huwezi kumwambia mchezaji "umeokota mapatano ya zamani mkobani" halafu ukampa karatasi nyeupe ya saiba iliyochapwa kwa Times New Roman, chapa iliyoanza kutumika 1932. Atacheka, na akishacheka hatishiki tena. Kwa hiyo nilimwendea mzee mmoja mwenye taipureta, herufi yake ya "a" inaning'inia juu ya mstari kama mtu anayechungulia ukuta, na "e" imeziba wino. Alipomaliza kuchapa akaniuliza, "Kijana, hii ni kesi ya nani?" Nikamwambia ni mchezo. Akanitazama juu ya miwani, akachukua shilingi 100 zake, akasema, "Haya. Mchezo."

Karatasi za A4 hazikunifaa kwa sababu ofisi za Mwingereza zama hizo zilitumia fulskepu, ile halisi, inchi 8 kwa 13. A4 haifiki hata inchi 12. Nikanunua A3 nikakata. Bei nikaandika kwa shilingi, maana rupia ilikuwa imekwisha kuondoka. Kingo sikuziunguza, ukiona karatasi ya kale kingo zote zimeungua kwa mshumaa, jua aliyeitengeneza ameanza juzi. Karatasi haizeeki kwa moto. Inazeeka kwa mikono, kwa mikunjo, kwa unyevu. Nilisugua udongo mwekundu kwenye mikunjo tu, nikachovya mswaki kwenye kahawa nikarashia madoadoa. Na rangi nikaipata kwa chai kavu, nzito, bila sukari, kwa sababu sukari huleta sisimizi.

Chai. Naomba muikumbuke hiyo chai.

Kazi yenyewe niliifanyia nyumbani, wikendi niliyoenda kumsaidia senge, shangazi yangu, kuvuna mahindi, kwa sababu Migosi sina pa kuanika. Majani ya chai yalikuwa yameisha, lakini kwenye chupa kulikuwa na chai kavu iliyobaki asubuhi. Nikaimimina kwenye sinia, nikalaza karatasi humo, nikaanika kwenye kamba ya nguo. Ilipokauka ikajikunja kama jani la mgomba. Ili inyooke inahitaji kitu kizito. Na kitu kizito kuliko vyote kwenye ile nyumba ni Biblia ya guga, yaani babu yangu, mungu amlaze pema, ile kubwa yenye jalada jeusi. Nikaiweka katikati ya kitabu cha Ayubu.

Nikarudi Kisumu nimeisahau.

Najua mmeshafika mwisho kabla yangu. Subirini, bado hamjui nilichoandika. Ili wachezaji wapate ladha ya kwetu, mzee anayepatana na sarveya nilimpa jina la baba yake guga. Jiwe nililitaja kwa jina, lile jiwe kubwa lililo mpakani na jirani, pale ambapo baba mdogo na huyo jirani wamekuwa wakigombania safu moja ya mikaratusi tangu mimi niko darasa la tatu. Nilichokifanya, ukikitazama kwa makini, ni kutengeneza ushahidi wa miaka karibu mia na kuufungia ndani ya Biblia ya marehemu.

Ijumaa baba mdogo akanipigia simu. "Baba, njoo nyumbani Jumapili. Mungu ametenda." Nikadhani amepata pensheni.

Nafika, viti vimepangwa chini ya mwembe. Naibu chifu yupo. Liguru, mzee wa kijiji, yupo na wazee wawili. Jirani amekaa upande wake na wanawe, mikono kifuani. Mwalimu mstaafu aliyenifundisha Kiswahili yupo, amevaa koti. Na baba mdogo amesimama katikati na faili la plastiki, na ndani ya lile faili naona "a" inayoning'inia.

Tumbo langu liliteremka hadi kwenye viatu.

Hapo ndipo ningesema. Kila mtu aliyesikia kisa hiki ameniambia, "Si ungesema tu?" Ningesema, ndiyo. Lakini baba mdogo alikuwa analia. Mtu wa miaka sitini na kitu, sijawahi kumwona akilia hata siku ya kumzika guga, ameshika karatasi yangu kwa ncha za vidole kama kifaranga. Akaonyesha alama ya dole gumba chini ya maandishi. "Wazee, hiki ni kidole cha babu yetu. Amekiweka yeye mwenyewe." Akaipitisha. Watu wakawa wanakigusa mmoja mmoja. Mzee mmoja akavua kofia. Senge akakigusa, akafunga macho.

Ni dole gumba langu. Lina hata ile alama niliyojikata nikifungua kopo la maziwa.

Akaanza kusoma. "Ardhi kutoka jiwe kubwa hata mtoni ni yake na watoto wake siku zote, maadamu hapana mtu atakayechimba chini ya jiwe." Akanyamaza, akakunja. Liguru akasema, "Umeruka. Naona kuna mstari umebaki." Baba mdogo akakohoa. Akasoma kwa sauti ndogo: "Kwa maana humo amelala asiye na macho."

Kimya. Kuku akapita.

"Nani?" akauliza jirani.

"Asiye na macho," akasema liguru, akiandika.

"Huyo ni wa kwenu," jirani akasema. "Mimi nataka mikaratusi yangu."

Hata hapo ningeponea chupuchupu. Kisha mwalimu akaomba karatasi. Akaivalia miwani. Akasema kwamba mwaka 1927 hapa palikuwa rizavu, ardhi iliyotengewa Waafrika, hakuna mtu aliyekuwa na hati ya shamba lake binafsi. Nikanyamaza, ingawa ndani nilijibu: ndiyo maana nikaandika "mapatano", si "hati". Akasema Kiswahili chake kimechanganya tahajia. Nikanyamaza, ingawa nilifanya hivyo makusudi, maana usanifishaji ulikuwa bado. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa 1930, na aliyenifundisha hilo ni yeye mwenyewe. Halafu akaipima kwa shubiri yake, akatabasamu lile tabasamu la kukukatia alama, akasema:

"Na hii ni A4. A4 ya dukani."

Ndugu zangu. Nilikaa siku mbili na rula. Niliharibu A3 tatu.

Nilijikuta nimesimama. Sikusimama kwa hiari, miguu iliamua. Nikasikia sauti, nikajua ni yangu kwa sababu ilikuwa kali kama ya mtoto aliyeibiwa kalamu:

"Mwalimu, hiyo si A4! A4 haifiki inchi 12! Hiyo ni fulskepu kamili, nimeikata mwenyewe!"

Neno "mwenyewe" lilitoka polepole. Nililiona likitoka. Nilitamani kulishika mkia nilirudishe.

Hakuna aliyesema kitu. Baba mdogo alikuwa ananitazama akiwa bado na lile tabasamu la kushukuru, halijapata habari. Senge ndiye aliyeinuka. Akaichukua karatasi kutoka kwa mwalimu. Akainusa. Akanitazama. Akainusa tena. Halafu mbele ya serikali, mbele ya jirani na wanawe, senge wangu akatoa ulimi akaramba kona ya mapatano ya 1927, akaonja kama anayeonja mchuzi.

"Tangawizi," akasema.

Akageukia wazee. "Hii ni chai yangu. Ile ya siku ya mahindi. Nilimuuliza nani amemaliza chai kwenye chupa, akasema paka."

Jirani alianguka na kiti. Sisemi kwa mafumbo. Kiti kilivunjika mguu, na mguu huo nimeulipia mimi. Naibu chifu alijifunika uso kwa daftari mabega yakitikisika. Mwalimu aliniambia "umbo la barua ni zuri", na hilo ndilo jema la pekee nililosikia siku hiyo. Yaliyobaki ni ya kawaida: nimeomba msamaha mara tatu, nimetoa jogoo na kreti ya soda, nimeapa juu ya ile ile Biblia, matatu ya mwisho nikaidandia nimesimama mlangoni hadi Kisumu.

Jumamosi tunacheza, na bila yale mapatano kisa hakiendi, wachezaji hawatajua kuhusu jiwe. Kwa hiyo jana nimempigia baba mdogo nikamwomba kwa heshima zote anirudishie karatasi yangu. Akaniambia haiwezekani, ipo kwa wakili Mbale. Nikamkumbusha kwamba ni chai. Akasema hayo ni maoni ya senge.