Haki au utamu: kombe la kidokezo apewe nani?

Chemshabongo nyingi za magazeti yetu huuliza moja kwa moja: mji mkuu wa Uganda, herufi saba. Zile za mafumbo zinazopendwa Uingereza haziendi hivyo. Kila kidokezo hubeba mambo mawili, maana ya jibu na namna ya kulijenga kwa herufi, yote yakiwa yamefichwa katika sentensi inayosomeka kama habari nyingine kabisa. Gazeti la Observer la huko limekuwa kwa miaka mingi na mashindano ya kuvitunga: neno hutolewa moja, na kila mshindani hulitungia kidokezo chake. Mwamuzi aliyeyapa sura alikuwa mwalimu Derrick Somerset Macnutt, aliyejiita Ximenes. Alifariki 1971, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Jonathan Crowther, yaani Azed.

Kanuni za Ximenes zilikuwa kali, na Azed alizifupisha vizuri: maana iliyo sahihi, maelekezo ya haki ya kulijenga neno, na pasiwe na kingine chochote. Wapo wasiokubali. Mfano wao mkubwa ni Araucaria, kasisi John Graham, aliyetungia gazeti la Guardian la huko huko Uingereza tangu 1958 hadi 2013. Yeye alijipa uhuru mwingi zaidi.

Tuone ugomvi wenyewe kwa Kiswahili. Tuseme neno ni KARANGA. Mshindani wa kwanza anaandika: “Njugu: nusu ya raha imefichwa ndani ya kanga.” Njugu ndiyo maana; nusu ya raha ni RA; ichomeke katikati ya KANGA, kazi imekwisha. Wa pili anaandika: “Raha kidogo kangani, utafune.” Hiki cha pili kinateleza ulimini, na ningependa kukisikia kikisemwa barazani. Lakini “kidogo” ni herufi ngapi? Na “utafune” ni kitendo, ilhali karanga ni kitu.

Mtetezi wa uhuru atajibu kwamba mfumbuzi akishalipata jibu na kutabasamu, hesabu za herufi zina faida gani? Hoja hiyo haipuuziki. Januari 2013 Araucaria aliwapasha wasomaji habari kwamba ana saratani ya umio kupitia chemshabongo yenyewe, majibu yake yakikamilisha taarifa hiyo. Mapenzi waliyokuwa nayo wasomaji kwa mtu huyu hayakujengwa na sarufi peke yake.

Hata hivyo, gazeti la kila siku na mashindano ni vitu viwili. Mwamuzi wa mashindano analijua jibu kabla hajasoma kidokezo hata kimoja. Hapotei njia, hakwami usiku kucha, na kwa kuwa KARANGA iko mbele ya macho yake, “raha kidogo” inaonekana dhahiri. Mfumbuzi asiye na jibu hana msaada huo. Ndiyo maana naona ukali ni wa lazima hapa: unamlazimisha mwamuzi asimame mahali pa mtu asiyejua. Pia unampa aliyeshindwa sababu anayoweza kuikagua mwenyewe, badala ya kuambiwa tu kwamba cha mwenzake kilipendeza.

Hasara ipo, na ni kubwa. Kwa kuwa wote wanalitungia neno moja chini ya masharti yale yale, njia zilizo wazi huchukuliwa na wengi, na anayeogopa kukatwa anaweza kuishia na “Njugu: R na A ndani ya kanga.” Hakina kosa, wala hakina uhai, hakuna anayeficha R na A ndani ya kanga. Mimi ningekifungia mlango kile cha mshindani wa pili, kisha kati ya vilivyobaki nitazame sentensi tu: je, inasimama kama maneno ya mtu?

Siku tukianzisha mashindano kama haya kwa Kiswahili, kuna jambo la kuamua mapema. “Lima kinyume upate utajiri” inatoa MALI, ukigeuza silabi jinsi watoto wa pwani wanavyocheza kinyume. Ukigeuza herufi moja moja unapata AMIL. Ningeruhusu silabi, kwani ndivyo masikio yetu yanavyoligawa neno, ila sharti hilo litangazwe kabla ya barua ya kwanza kupokelewa.