Mikono Tu, Mjomba

Kwetu Umakondeni mjomba akikohoa, ukoo unanyamaza. Yeye ndiye wa posa, ndiye wa mirathi, ndiye wa kusema mtoto huyu aingie jando mwaka huu. Mimi ni mjomba wa watoto kumi na mmoja, na nikikohoa wananiletea maji.

Nauza korosho Mtwara mjini, karibu na stendi. Zinatoka kwenye mikorosho aliyotuachia marehemu mama huko Nanyamba. Juu ya meza yangu kuna kipande cha boksi nilichokiandika kwa maka peni: KILO 24,000. NUSU 12,000. ROBO 6,000. HAZIPUNGUI. Nilikiandika ili nisiulizwe. Mteja akisema "nipunguzie," namwonyesha boksi kwa kidole. Kijana wa meza ya pili yeye hupaza sauti tangu asubuhi, "Korosho tamu, kama hujaoa utaoa!" na watu wanamiminika. Mimi huwauzia wale waliokimbia kelele zake, nao si wengi.

Mpwa wangu mmoja, wa kike, alikuja likizo kutoka chuo, anasomea masoko. Akakaa mezani siku mbili akihesabu wateja. Siku ya tatu akasema, "Mjomba, biashara siku hizi ni video."

"Sawa," nikamjibu.

Hiyo "sawa" ndiyo ngao yangu. Nikisema sawa, watu huridhika wakaondoka. Huyu hakuondoka. Alitoa simu.

Siku ya kwanza tulijaribu na uso. Akanisimamisha ukutani, akaniambia niongee kama naongea na mteja mmoja tu ninayempenda. Nikaitazama simu. "Habari zenu," nikasema, nikanyamaza kusubiri waitikie. Adabu ni adabu.

"Mjomba, hawaitikii hao. Endelea."

"Mimi naitwa..." Jina likagoma. Miaka 52 naitwa jina lile lile, mpaka leo sijui siku ile lilikuwa limekwenda wapi. Mara ya tisa nililipata, nikasahau ninauza nini.

Alizima simu, akakaa juu ya debe, akawaza. Niseme haki: ada ya yule mtoto haikupotea. Akaniambia mtu wa haya halazimiki kuonyesha uso, kwani mteja anataka kuona mikono na kazi. Turekodi mikono tu, asubuhi, karibu na dirisha ili mwanga utokee ubavuni, na simu isimame wima isitikisike. Sauti itakuja baadaye. Nitaandika maneno yangu kwenye karatasi, sentensi nne, nijifungie chumbani, nijifunike shuka ili mwangwi usiingie, niyasome peke yangu hata mara mia. Na zile sekunde tatu za mwanzo zisiwe za salamu, ziwe za ganda likipasuka: kaa! Mtu akisikia ile kaa, kidole chake kinasita juu ya kioo.

Moyo ukatulia. Kujifunika shuka nikaongea peke yangu ni kazi niliyozaliwa nayo.

Sasa, wewe ambaye korosho hukufikia zikiwa kwenye mfuko, labda hujui kitu kimoja. Ganda la korosho lina kuta mbili, na katikati yake mna mafuta meusi, yanayonata, makali, yanayobabua ngozi kama maji ya betri. Ukizikaanga kwenye moto mkali, mengi huungua, ndiyo maana ule moshi wake unaliza watu mtaa mzima. Mimi nazivukiza, kwa sababu korosho iliyovukizwa hutoka nyeupe na inavutia mezani. Lakini ukivukiza, mafuta yanabaki mle mle. Kwa hiyo mbanguaji mwenye akili zake hupaka mikono majivu kwanza ndipo akae kwenye mashine.

Nilikwisha kupaka majivu, nimekaa tayari, mpwa akachungulia kwenye simu akakunja uso. "Mjomba, mikono hii kama imetoka kuzika. Nani atakula? Kaioshe."

"Sawa."

Bibi anayenibangulia, aliyeanza kubangua mimi sijajua kuvaa suruali, akainua macho. "Mwanangu, acha majivu yako mkononi. Korosho haijui kamera."

"Sawa, bibi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu mwingine angechagua upande. Mimi sijawahi kumkatalia mtu uso kwa uso tangu nizaliwe, kwa hiyo niliwakubalia wote wawili. Nikaongeza majivu mbele ya bibi, nikamshukuru, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaosha kwa sabuni mpaka mikono ikang'aa kama ya bwana harusi. Niliporudi nikakaa nikimpa bibi mgongo.

Korosho ya kwanza ikavunjika vipande, na mpwa alitaka itoke nzima. Ya pili ikatoka nzima, bodaboda akapiga honi. Ya tatu, jogoo. Ya saba ilikuwa safi kabisa, ila jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kwa wasiwasi, "Mjomba, kuna uhakiki tena?" Simlaumu. Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja kuzisomba na wakulima wakahakikiwa kwanza, na tangu hapo huku kwetu ukiwapigia picha magunia watu wanauliza. Ikabidi nimweleze. Kumweleza kulinichosha kuliko kubangua.

Kuanzia saa mbili mpaka saa sita nilibangua korosho kama sitini. Ilikuwa Novemba, na joto la Mtwara mwezi huo linakukalia begani kama mtoto asiyetaka kushuka. Jasho likinitiririka, mpwa akipiga kelele, "Usichukue kitambaa, kitaingia kwenye picha!" Basi nikajifuta kwa mkono. Paji la uso. Juu ya mdomo, pale masharubu yanapowasha. Nyuma ya sikio. Jicho la kushoto, kwa kifundo cha kidole. Na tulipomaliza, kabla sijanawa, nilikwenda msalani. Hilo naomba tuliache hapo hapo.

Jioni nilijifunika shuka, nikasoma sentensi zangu nne, mpwa akaunganisha sauti na picha, akairusha. Niseme tena haki, ilikuwa nzuri. Kaa! Korosho nyeupe, nzima, juu ya kitambaa cheusi, na sauti ya mtu mtulivu ambaye hata mimi ningenunua kwake. Nilikwenda kulala nikiwa nimefurahi kama mtu aliyehudhuria harusi bila kuulizwa hali na mtu yeyote.

Usiku nikaanza kuwashwa. Kufika alfajiri jicho la kushoto halifunguki. Nikapapasa mpaka kwenye kioo. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hao hawakubangua korosho. Mdomo wa juu ulikuwa umetangulia mbele kama baraza, paji la uso limevimba, masikio mawili yasiyo ndugu. Nimekua nikitazama ngoma ya mapiko, nimeona vinyago vilivyochongwa na mafundi, lakini hakuna fundi angethubutu kuchonga kile. Mke wangu akaamka, akaniona, akasema "Hodi" akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Njia ya kwenda zahanati ni dakika kumi. Siku ile ilikuwa nusu saa, kwa sababu ya lile jambo la msalani. Nilitembea kwa miguu iliyoachana, taratibu, kila mguu ukiomba ruhusa. Mzee mmoja kwenye bao akanisimamisha: "Eee bwana, umerudia jando?" Wenzake wakaangusha kete.

Zahanati palikuwa na foleni. Nesi akaniuliza kwa sauti ya kuita watu ishirini, "Baba, umepatwa na nini?"

Nikasema "mafuta." Kwa ule mdomo ikatoka "bahuta."

"Una bahati?"

Nikatikisa kichwa. Mpwa akamweleza habari ya korosho. Nesi akacheka, akajikaza, akacheka tena, kisha akauliza kikazi, "Na wapi kwingine yamegusa?"

Nikanyanyua uso nikatazama feni. Foleni nzima ikatazama feni pamoja nami. Kisha ikatazama chini.

Nilipewa vidonge, nikapewa dawa ya kupaka, nikaambiwa ninawe kwa sabuni na nisijikune. Haya yote yalirekodiwa. Mpwa anaapa hakuwa na nia mbaya: dada yangu, mama yake, alikuwa amepiga simu toka Newala akakataa kuamini, basi mtoto akamtumia ushahidi. Dada naye akautuma kwenye kikundi cha ukoo, "mwombeeni kaka yangu." Kikundi cha ukoo wetu kina watu wengi kuliko baadhi ya vijiji. Mchana video ilikuwa imefika stendi kabla yangu.

Ile ya mikono, niliyoitolea jasho, ilitazamwa na watu 38, na kumi na mmoja kati yao ni wapwa zangu.

Nilijificha nyumbani siku tano. Niliporudi mezani uvimbe umeshuka, ngozi inabambuka kama korosho inayotolewa ganda la ndani. Nikakuta watu wananingoja. Si wa kununua tu, wa kuona. "Ni wewe? Hebu geuka. Ilikuwaje?" Kila mmoja anataka hadithi tangu mwanzo, na wa nyuma hakusikia niliyomwambia wa mbele. Lakini walinunua, sikatai. Mmoja alisema sasa anajua nabangua mwenyewe, silangui kwa watu. Kijana wa meza ya pili akaacha kupaza sauti, akaja kusikiliza naye.

Kufika saa saba sauti ilikuwa imenikauka. Nikachukua boksi jipya na maka peni:

NDIYO, NI MIMI.
NI MAFUTA YA GANDA.
JICHO LINAONA.
KILO 24,000. HAZIPUNGUI.

Kukawa na amani. Nilikaa nyuma ya boksi langu, mtu anakuja, anasoma, anacheka, analipa, anakwenda. Kumbe biashara inaweza kuwa tamu hivi.

Jumamosi mama mmoja wa makamo akashuka kwenye bajaji. Akasoma boksi toka juu mpaka chini, midomo ikicheza bila sauti. Akachukua kilo mbili, hakuomba punguzo, hakuuliza kitu. Nilimpenda sana mteja yule. Akapokea mfuko, akapiga hatua mbili, akasita, akarudi. Akainama juu ya meza, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona:

"Na kule kwingine, baba, kumepoa?"

Stendi nzima ikageuka.

"Sawa," nikasema.