Mto Wangu Umekuwa Mti

Aisee, nyumba yangu hapa Pasua, mjini Moshi, ina vitambaa vya kufuma vingi kuliko watu. Kochi lina kimoja mgongoni na viwili mikononi. Televisheni ina chake. Redio iliyokufa tangu enzi za kaseti ina chake. Friji limefunikwa kichwani, na juu ya kitambaa cha friji kuna maua ya plastiki, nayo yamekalishwa juu ya kitambaa kingine. Nilivumilia. Kitambaa hakili, hakidai ada, ukikikalia kinateleza tu, unakiokota maisha yanaendelea. Lakini mwaka huu mke wangu kaona vitambaa havitoshi. Eti anafuma mti wa Krismasi.

Mti. Wa uzi. Wa kusimama mezani, urefu wa chupa ya chai.

Mimi kwetu ni Marangu. Kule mti wa Krismasi ulikuwa tawi la saipresi. Unamtuma mtoto na panga, baada ya muda kidogo huyo anakuja analiburuta, mnalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, mnalitundikia baluni na pamba, sebule nzima inanukia. Gharama hakuna. Januari linaingia jikoni linakuwa kuni. Nikamwambia, mama Neema, matawi yapo. Akasema yanapukutika, na nani anafagia? Hilo swali mwanaume ukiulizwa unaangalia dirishani.

Nikaangalia dirishani. Nje migomba imejaa, mwembe wa jirani umebeba, jua la Moshi la Desemba linawaka mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Sasa kijani tumekosa wapi mpaka tukifume? Waliokuja na mambo ya mti sebuleni ni Wajerumani. Wamisionari wao wa Leipzig walifika huku Kilimanjaro mwaka 1893, na kwao Desemba ni baridi kali, miti mingi imebaki vijiti. Mtu wa hivyo akiingiza tawi la kijani ndani unamwelewa, maskini. Mama Neema ana shida gani? Tena anataka ncha za matawi azitie uzi mweupe, eti theluji. Mwanamke anaishi Moshi! Akifungua pazia la jikoni asubuhi, kabla mawingu hayajavuta, Kibo hiyo hapo, mita 5,895, na theluji yake yote, wala haijaombwa mchango.

Haya, nikatumwa mjini kununua uzi. Nimesisitiziwa: wa kufumia, usije na wa cherehani. Mangi wa dukani akaniuliza kijani gani. Sikujua kwamba kijani kina ndugu. Kuna cha chupa, kuna cha majani mabichi, kuna cha fulana za chama. Nikachukua cha chama, kilikuwa karibu. Binti yangu Neema naye akaamua nyota ya juu iwe ya njano. Jirani alipochungulia akaona kijani na njano mezani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Neema, umepewa cheo?"

Lakini hayo yote ni nafuu. Kinachonimaliza ni hesabu.

Huu mti unaanzia kileleni. Kuna kitanzi cha kwanza kinachokazwa, ndani yake vinaingia vitanzi sita, halafu unazunguka, unazunguka, unashuka. Kila baada ya mizunguko kadhaa unaongeza sita: sita, kumi na mbili, kumi na nane, hivyo hivyo mpaka uvimbe chini. Ukiongeza haraka haraka, unafunguka unalala bapa. Ulishalala bapa mara moja, na leo upo chini ya kopo la sukari, umejiunga na vitambaa wenzake. Ukichelewa kuongeza unapata soksi. Na kwa kuwa anazunguka bila kufunga mzunguko, huoni umeanzia wapi. Watu wenye akili wanachomeka pini kwenye kitanzi cha kwanza. Mama Neema pini hana, ana mume.

Basi nakaa naye kochini, mwanaume mzima, nahesabu. Kwa sauti, maana nikihesabu kimoyomoyo anadhani nimesinzia. Nikiwa ishirini na saba Yanga wakapata kona. Wewe ungeangalia nini? Mpira ulipotoka, sindano imeshakimbia na mimi sijui tupo wapi. "Baba Neema, tulifika ngapi?" Nikasema thelathini. Akanitazama, akafumua mzunguko wote. Huku barabarani mabasi ya Dar yanaingia yamejaa, Wachaga wenzangu wanarudi kuhesabiwa kama kila Desemba. Mimi niko hapa, mwenyeji kabisa, na hakuna aliyenihesabu.

Kisha nikasikia, "Sasa tujaze ndani." Tena "tujaze". Sikushtuka. Usiku najilaza, kichwa kinashuka, kinashuka, kinagonga godoro. Mto wangu! Mto wa sufi, alionishonea mama mwenyewe, umebaki foronya. Sufi yote imeingia kwenye mti, nao mti kwa sababu umefumwa kwa kulegea unaichungulisha nje kwenye matundu, nikapewa penseli nianze kuirudisha ndani. Nikairudisha. Sufi yangu mwenyewe.

Shina lilitaka uzi wa kahawia. Nilijua halitanunuliwa donge lingine, nikashukuru kimya kimya. Sikujua kwamba sweta langu nililookota soko la mitumba la Memorial, zito, la kahawia, limeshafumuliwa mkono mmoja. Na ili mti usianguke, kitakoni umeshonewa kipande cha boksi na kufuli la banda la kuku. Kuku tangu siku hiyo tunawafungia kwa kamba ya kiatu changu.

Tarehe 24 tukapanda Marangu, mti nimeupakata kwenye hiace, magoti yangu yamebanwa na gunia la mchele. Konda akaniuliza kama huyo mtoto analipiwa. Abiria wakacheka. Mama Neema naye akacheka, nikakumbuka kwamba nimeoa.

Mama yangu aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza, akaunyanyua, akasikia uzito wa lile kufuli, akamsifu sana mkwe wake. Kisha akaenda kuuweka chini, kwenye mlango wa jikoni unaobamizwa na upepo. Mlango ukatulia. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno, na mimi kusema kweli nilikuwa wa mwisho kutaka kumwambia. Usiku baridi ya kule juu ikaingia, kila mtu na sweta lake, mimi nina sweta la mkono mmoja. Mkono wa pili umesimama pale mlangoni, umevaa nyota.

Ningedhani yameishia hapo. Dada yangu kutoka Dar akauona. "Wifi! Hiki umekifuma wewe? Nifumie na mimi. Ila mkubwa, wa kusimama sakafuni." Mama Neema akakubali hapohapo, hakuniangalia.

Tumerudi Pasua. Mti wa sakafuni unakula sufi nyingi, na mito ndani imekwisha. Jana jioni nimemkuta chumbani amesimama peke yake, mikono kiunoni, anaangalia godoro.