Muda uleule kwa nani, bosi?

Jumatatu usiku niko kwenye kikao cha Zoom, saa sita kamili, nyumba nzima imelala, naongea kwa kunong'ona kama mwizi, halafu bosi wetu aliyeko California anafungua kwa kusema asanteni kwa kuwahi, muda wetu ni uleule. Uleule kwa nani? Wiki iliyopita kilikuwa saa tano. Wamarekani wamerudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba kama kawaida yao, sisi Dar hatuna mambo hayo, kwa hiyo saa saba yake ya mchana imebaki palepale na mimi ndo nimesogezwa. Mwenzetu wa Bangalore kwake ilikuwa saa nane na nusu usiku. Wa Manila saa kumi na moja alfajiri, jogoo likawika katikati ya habari za bajeti, bosi akauliza hiyo alamu ya nani.

Najua mtaniambia si unalipwa dola, tulia. Haya, nalipwa dola. Na bosi mwenyewe sio mtu mbaya, besdei zetu anazikumbuka zote. Na mtu akiboronga ni kweli bora umpigie muongee kuliko kumwanika kwenye grupu, hapo sibishi.

Ila kikao chenyewe cha nini sasa? Dakika hamsini kila mtu anasema jana kafanya nini na leo atafanya nini. Mistari mitatu hiyo jamani! Ukiongoza watu waliotawanyika hivi kazi yako ya kwanza ni kuandika: tumeamua nini, kwa nini, nani anafanya, mwisho lini. Mei 2024 zile nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika mnakumbuka tulivyoteseka, bando unalo ila meseji moja inazunguka mpaka chai inapoa. Siku ya tatu naingia nakuta kazi yangu ya wiki mbili imewekwa pembeni. Namuuliza mwenzangu kulikoni, ananiambia "tuliongea kwenye kol." Imeandikwa wapi? Hamna. Nikauliza watu watatu nikapata hadithi tatu, na kila mmoja anaapa yake ndo yenyewe, yaani kama kesi ya mirathi.

Halafu ile ya "mko sawa na hili?" na wote tunaitikia sawa. Bosi, sawa ya Mtanzania saa sita usiku maana yake anataka kulala.

Na nyie mnaoandika "Mambo" halafu kimya masaa manne, kesi yenu ipo.

Kama kikao ni lazima basi kizungushwe. Nimepiga hesabu: saa mbili asubuhi ya huku, Bangalore ni saa nne na nusu asubuhi, Manila saa saba mchana wameshakula, na kwa bosi ni saa tatu usiku wa jana yake. Saa tatu tu! Hata taarifa ya habari hajamaliza. Ila saa tatu yake inaitwa muda wa familia, saa sita yangu inaitwa kujituma.

Baada ya kikao nikamwandikia dada wa Manila pembeni, mbona wewe hulalamiki? Akanijibu miaka miwili yote hii alikuwa anajua huku kwetu ni mchana.