Mtoto Mdogo Anaposhika Ufagio: Asaidie au Aachwe Acheze?

Mtoto wa miaka miwili akikuona umeshika ufagio, anautaka. Ukikunja nguo, anachomoa zile ulizokwisha kupanga. Ukiinamia beseni la vyombo, keshafika, mikono imezama hadi viwikoni na fulana imelowa chapachapa. Hakuna aliyemwita, wala hakuahidiwa chochote. Mtoto huyohuyo akifika miaka tisa, mwambie atoe vyombo mezani uone atakavyojikokota.

Wazazi wengi wanaijua hali hii, na hapo ndipo wanapogawanyika. Wapo wanaosema mwache ashike, ndivyo anavyojifunza, na ukimfukuza leo usije ukamlaumu akikua mvivu. Wapo pia wanaosema utoto ni wa kucheza, kazi atazikuta tu, na mzazi aliyechoka hana deni la kufanya kazi moja mara mbili ili mtoto ajione amesaidia. Mimi niko upande wa hao wa kwanza na sitauficha, ila wale wa upande wa pili wana hoja ambazo wenzangu huzipita haraka kama hawakuzisikia.

Tuanze na hamu yenyewe, maana kuna wanaodhani ni utundu tu. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha katika jarida la Science majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 18. Mtu mzima, mgeni kwa mtoto, anaanika nguo na kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii. Au anakwenda kabatini mikono imejaa vitu, anagonga mlango asiweze kuufungua. Kati ya watoto 24, 22 walimsaidia angalau mara moja, bila kuombwa na bila kupewa zawadi. La kuvutia zaidi ni hili: mtu huyo alipokitupa kitu kwa makusudi, watoto kwa kawaida hawakujisumbua kukiokota. Mtoto ambaye hata sentensi hajaweza kuiunga anatofautisha mtu mwenye shida na mtu anayefanya mchezo.

Kwa hiyo hamu ipo, na ni ya kweli. Tatizo ni namna majaribio hayo yanavyobebwa hadi nyumbani na kutumiwa kama rungu la kumpigia mzazi. Ndani ya chumba cha utafiti, kuokota kibanio ni kazi ya sekunde chache. Mtafiti hana nguo nyingine za kuanika, hana mtoto mchanga anayelia chumba cha pili, na wala hachungulii saa. Majaribio yalionyesha kwamba mtoto anataka kusaidia. Hayakuonyesha kwamba msaada wake unapunguza kazi, na hayakuonyesha kwamba ukimwambia "ngoja kwanza" hamu hiyo inakufa moja kwa moja.

Mfano wa karibu ni taulo dogo la uso. Mtu mzima analikunja huku akiongea, bila hata kulitazama. Mtoto wa miaka mitatu analitandaza sakafuni kwanza. Analala juu yake ili linyooke. Anashika ncha moja, anaipeleka kwenye nyingine, ile ya kwanza inamponyoka, anaanza upya. Mwisho anakuletea donge, uso umemjaa fahari, anasubiri ulipokee. Sasa ufanye nini? Ukilikunjua mbele yake na kulikunja vizuri, umemwambia bila kutamka neno kwamba alichofanya hakikuwa kazi. Ukiliweka kabatini kama lilivyo, na kuna mengine kumi ya namna hiyo, mlango wa kabati haufungi. Anayeona jambo hili ni dogo hajawahi kukunja nguo za familia nzima usiku.

Wanaotaka mtoto aachiwe kazi hupenda kumtaja Barbara Rogoff, ambaye pamoja na wenzake amechunguza kwa miongo kadhaa namna watoto wanavyojifunza katika jamii za Wamaya wa Guatemala na familia zenye asili ya Mexico. Picha wanayoitoa inapendeza: watoto wapo pale kazi inapofanyika, wanatazama, wanaingiza mkono wanapoweza, na wengi wao wakikua wanaendelea kusaidia kwa kujianzia wenyewe. Nami naikubali. Lakini ile ni namna nzima ya kuishi. Kazi za watu wazima zinaonekana, watu wa kumwangalia mtoto ni wengi, na mtoto hatengwi na shughuli za wakubwa mchana kutwa. Mzazi anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, mtoto akiwa amebakiza muda mfupi kabla ya kulala, hawezi kuchomoa kipande kimoja cha maisha hayo, akakibandika kwenye jioni yake, kisha akategemea matunda yaleyale. Nimeona pia kwamba wengi wanaohimiza mtoto aachwe aoshe vyombo wana mtu mwingine wa kupiga deki baadaye.

Upande wa mchezo nao una nguvu zake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja kucheza na kupumzika kama haki katika kifungu cha 31, na kifungu kinachofuata, cha 32, kinamlinda mtoto dhidi ya kunyonywa kiuchumi na dhidi ya kazi inayoweza kumdhuru au kuvuruga masomo yake. Hakuna anayedai kwamba kuokota soksi ni unyonyaji. Hoja yao ni kwamba mtu mzima ana tabia ya kugeuza kila kitu kuwa mafunzo, na hapo wamesema kweli. Mtoto anapanga viatu mlangoni kwa raha zake. Mzazi anakuja na maswali: hiki rangi gani, hivi viko vingapi, kikubwa ni kipi. Baada ya dakika mbili mtoto kaondoka. Hakuchoshwa na viatu, alichoshwa na mtihani.

Hata hivyo, naona mjadala huu unapotea pale unapowekwa kama kazi dhidi ya mchezo. Katika nyumba nyingi, mtoto anayefukuzwa jikoni haendi kucheza. Anapewa simu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Inasema pia kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi minne wanahitaji angalau dakika 180 za kutembeatembea, kukimbia na kuchezacheza kila siku. Kubeba nguo moja moja kutoka kwenye beseni hadi kwenye kamba, kuinama, kunyanyuka na kurudi ni mwendo kama mwendo mwingine, kwa hiyo muda huo haujaibwa kwenye mchezo. Kwa haki yake, mzazi anayempa mtoto wa miaka mitatu simu kwa dakika ishirini ili akaushe jasho na kumaliza kupika hajavunja mwongozo wowote. Hoja inaharibika pale dakika ishirini zinapogeuka jioni nzima, tena kila jioni.

Jambo moja halina pande mbili. Moto, maji yanayochemka, visu na dawa za kusafishia choo si vya mtoto mdogo, hata kama ana hamu kiasi gani. Kwa kimo chake, mpini wa sufuria iliyoko jikoni uko pale pale mkono wake unapofika. Na aliyekaribishwa kwenye sinki leo hajui kwamba hajakaribishwa kwenye jiko lililo hatua moja pembeni. Wanaosema "mwache ajifunze" inabidi waseme pia ajifunzie wapi, na nani anamwangalia wakati huo. Mzazi aliye peke yake na watoto watatu, akimzuia mdogo asiingie jikoni, hajaua kipaji cha mtu.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, naye hutajwa sana. Alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, akaona kwamba watoto wadogo wakipewa vifaa halisi vinavyolingana na mikono yao, jagi dogo, beseni dogo, ufagio mfupi, huvishughulikia kwa utulivu kuliko wanavyoshughulikia vitu vya kuchezea. Somo lipo, na la kwanza ni la kawaida sana: ufagio wa mtu mzima unamshinda mtoto kwa urefu wake, kisha tunasema hajui kufagia. Lakini chumba kile kilipangwa kwa ajili ya watoto. Mtoto angeweza kufuta meza ileile mara tano na hakuna aliyeisubiri. Nyumbani meza inasubiriwa. Kazi ya nyumbani inafanywa kwa ajili ya nyumba, na mtoto anaikuta njiani.

Kwa maoni yangu, jibu limo katika tofauti hiyo. Mtoto anaijua kazi ya bandia. Ukimpa kitambaa kikavu afute meza safi ili tu akuondokee, atafuta mara mbili, atakitupa, na atarudi kwenye beseni lako. Ni yule yule wa miezi 18 ambaye hakujisumbua kuokota kitu kilichotupwa makusudi. Anachotaka ni kile unachokifanya wewe, kwa sababu anaona kinakushughulisha. Basi mpe kipande cha kazi ya kweli ambacho akikikosea hakuna kinachoharibika. Akupe vibanio kimoja kimoja wakati unaanika. Atafute mwenzake wa kila soksi. Apeleke nguo chafu kwenye kapu. Soksi zikiunganishwa vibaya, dunia haisimami. Yale yanayohitaji kufanywa sawasawa na upesi, yafanye mwenyewe, naye umwambie wazi kwamba hii sasa hivi hapana. Mtoto anavumilia "hapana" ya mzazi aliyemwambia jana "njoo" na akatimiza. Anayefukuzwa kila siku ndiye anayeacha kuuliza.

Kuhusu zawadi, sitachukua muda. Mwaka 2008 Warneken na Tomasello walirudi na watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia walipunguza kusaidia baadaye, zawadi zilipokoma. Waliosifiwa kwa maneno tu, na wale ambao hawakupewa chochote, waliendelea. Kwa hiyo chati za nyota na pipi za kumshawishi mtoto ambaye tayari anataka kusaidia ni kujitafutia hasara. Mwambie asante, muendelee na kazi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni suala ambalo upande wangu haulizungumzii, na upande wa pili unaligusa kidogo tu. Mwaka 2016 UNICEF ilitoa makadirio kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia saa milioni 550 kila siku kwa kazi za nyumbani, ambazo ni saa milioni 160 zaidi ya wavulana wa umri wao. Pengo hilo halianzi siku mtoto anapotimiza miaka mitano. Katika umri wa miaka miwili, wote wanaung'ang'ania ufagio, wa kike kwa wa kiume. Kisha, polepole, mmoja anaitwa "mama mdogo" na kusifiwa kwa alivyokunja nguo, na mwingine anaambiwa atoke nje akacheze, humu ndani anasumbua. Hakuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Miaka mitatu baadaye mmoja ana zamu ya vyombo na mwingine hajui sabuni inakaa wapi. Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa kwa haraka sana katika mazungumzo haya, na ni mara chache mtu huuliza ni samaki yupi anayekunjwa na ni yupi anayeachwa. Mzazi anayeamini kwamba kazi ndogondogo zinamjenga mtoto aangalie kwanza kama anazigawa kwa wote, kwa sifa zilezile na kwa uvumilivu uleule kwa donge la taulo.

Pia tusiwaahidi wazazi makubwa. Mtoto aliyekupa vibanio akiwa na miaka mitatu anaweza kabisa kujikokota akiwa na miaka tisa. Kufikia hapo anajua kwamba vyombo vitakuwepo na kesho, na marafiki wanamsubiri nje. Hapo hamu imeshapungua na jambo lenyewe limebadilika: sasa ni wajibu, unaohitaji zamu inayoeleweka, saa inayojulikana, na mzazi atakayemwita mara ya pili bila kuviosha mwenyewe kwa hasira. Faida ya miaka ile ya mwanzo, kama ipo, ni kwamba hutahitaji kumfundisha sabuni inawekwa kiasi gani.