Mlima tulioutazama tu

Mama Amani, mke wangu, alizaliwa Miti, chini kabisa ya mlima Kahuzi, mashariki mwa Kongo. Kila asubuhi akienda kuchota maji aliuona. Miaka 34 hakuwahi kuukanyaga. Kwao, anasema, parki ya Kahuzi-Biega ilikuwa ya watu wa aina mbili: muzungu mwenye kamera, na mtoto wa jirani aliyekamatwa na mzigo wa kuni.

Siku moja tulipanda; ilikuwa kabla ya Februari 2025, waasi wa M23 hawajaingia mji wa Bukavu. Leo simshauri mtu kwenda. Lakini siku ile bado inanisumbua.

Tulifika Tshivanga, lango la parki, mapema, na mikate na sambaza, samaki wadogo, za kukaanga kwenye mfuko. Pesa ya kwenda kuona gorila hatukuwa nayo. Rafiki zangu walicheka: unaingiaje Kahuzi-Biega usitafute gorila? Nilitaka mlima, basi.

Nimecheza mpira tangu utoto, nikaanza kwa mbio. Kufika kwenye mianzi nilikuwa nimeshika magoti. Mama Amani alinipita polepole, hatua fupi fupi, hatua ya mtu aliyezoea kubeba muhogo hadi soko la Kavumu. "Papa Amani, mlima haukimbii," aliniambia, wala hakugeuka. Kwa wanaotaka kufunga ndoa: msipotezee pesa yote kwenye sherehe, pandeni kwanza mahali pamoja mkiwa na njaa.

Kwenye mianzi tulikuta machipukizi yamemenywa, gorila walikuwa wamepita wakila. Mzee aliyetuongoza, Mutwa, mmoja wa Batwa, wenyeji wa msitu ule, aliyasoma kama sisi tunavyosoma simu. Akachuma jani akasema ni dawa ya tumbo. Nikamuuliza alijifunza wapi. Akanyoosha mkono bondeni: "Nilizaliwa kule."

Hapo nilinyamaza. Parki ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa walifukuzwa msituni. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitolewa hadharani: serikali ilivunja haki zao. Mzee yule anaingia kwao kwa kibarua. Sisi tuliingia kwa tikiti. Sioni namna ya kulinda msitu ambayo inaanza kwa kumtoa anayeujua. Najua nitajibiwa kwamba kuna Batwa nao wamekata miti ya kuchoma makala, yaani makaa. Ndiyo, wamekata, na wanunuzi wa makala ile wako mjini, kwenye nyumba zenye mageti.

Juu, mita 3,308, mianzi imekwisha zamani na upepo ni mkali. Mama Amani alifungua kikwembe chake cha pili akajifunika kichwa. Ukungu ukapasuka kidogo, ziwa Kivu likaonekana kama bati jipya. Alitafuta Miti kwa kidole kwa muda mrefu. Alipoipata hakusema kitu, akanipa mkate.

Kushuka ilikuwa matope na kuanguka. Sina la kusimulia.

Usiku tulifika nyumbani tukiwa na njaa. Mama Amani akatoa babula, jiko letu la makala, nje, akachukua makala kwenye gunia tulilonunua wiki ile kwa mama wa barabarani. Alishika kipande kimoja akakigeuza kwenye mwanga wa simu.

"Hii imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akakitia kwenye babula na vingine, akaanza kupuliza.