Ng'ombe, Mtambo na Msitu: Je, Lengo Moja la Tabianchi Linatosha?

Julai 2022, vyama vilivyounda serikali ya Ireland vilivutana juu ya tarakimu moja: kilimo kipunguze gesi joto kwa asilimia ngapi? Sheria ya mwaka 2021 ilikwisha kulifunga taifa zima lipunguze asilimia 51 ifikapo 2030, kwa kulinganisha na 2018. Kilichobaki kilikuwa kugawana mzigo. Umeme ukatwishwa asilimia 75, usafiri 50. Kilimo, ambacho peke yake hutoa zaidi ya theluthi ya gesi joto ya nchi hiyo, kiliwekewa nafasi ya kuanzia 22 hadi 30. Wakulima wakang'ang'ania ya chini, watetezi wa mazingira ya juu, wakakutana kwenye 25. Misitu na matumizi mengine ya ardhi hayakupangiwa kitu; yaliahirishwa kwa kuwa takwimu zake zilikuwa bado zinapekuliwa. Na ukijumlisha mgao wote, 51 haikufika.

Wapo walioona hiyo ni aibu. Mimi naona afadhali. Ugomvi ule ulikuwa mezani, na kila mwananchi aliweza kuona nani amebeba nini na nani ameachiwa. Nchi nyingi hutangaza tarakimu moja ya taifa zima, makofi yakapigwa, kisha ugomvi wa ng'ombe, mtambo na msitu ukafichwa ndani yake. Funika kombe mwanaharamu apite.

Swali ninalotaka kulipima ni hilo: taifa liwe na lengo moja kubwa na kuziacha sekta zifidiane zenyewe, au kila sekta iwe na daftari lake, yaani hesabu na ukomo wake wa pekee?

Makubaliano ya Paris ya 2015 hayalijibu. Yanazitaka nchi ziwasilishe mipango yao kila baada ya miaka mitano, kila mpango uwe na makali kuliko uliotangulia, lakini namna ya kuupanga yanamwachia mwenye nchi. Ibara ya 4 inazungumzia kufikia uwiano kati ya kinachotolewa angani na kinachonyonywa, katika nusu ya pili ya karne hii. Neno hilo "uwiano" ndilo lililozaa mtindo wa kujumlisha kila kitu: toa huku, nyonya kule, mwisho wa hesabu ipatikane sifuri.

Tatizo ni kwamba vitu hivi havifanani. Hewa ukaa itokayo kwenye makaa ya mawe au dizeli hubaki angani kwa karne nyingi. Tani ya leo inakaa juu ya tani ya babu yako. Methani, ambayo ng'ombe huitoa anapocheua na ambayo hupanda pia kutoka kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, hudumu takriban miaka 12 tu. Lakini katika muda huo mfupi huunguza kwelikweli: ukipima kwa miaka 100, tani moja yake huongeza joto takriban mara 28 kuliko tani ya hewa ukaa, na ukipima kwa miaka 20 inazidi mara 80. Kaboni iliyo mtini haina muda maalumu. Inaweza kukaa miaka 200, inaweza kuondoka kwa moto wa siku moja.

Kwa hiyo mfugaji anaposema, "Kundi langu halijaongezeka kwa miaka 30, basi siongezi joto jipya," hasemi uongo. Methani anayoitoa leo inajaza pengo la methani ya zamani inayotoweka. Mwenye mtambo wa makaa ya mawe hawezi kudai hivyo. Akizalisha kiasi kilekile kila mwaka, joto linazidi kupanda kila mwaka. Hoja hii ina uzito wa kisayansi, na New Zealand, ambako karibu nusu ya gesi joto hutoka kilimoni, iliiandika katika sheria. Mwaka 2019 ilitenga malengo mawili: gesi nyingine zote, ukishatoa kinachonyonywa, zifike sifuri ifikapo 2050, na methani ya mifugo na taka ipungue kwa asilimia kati ya 24 na 47 kulinganisha na 2017.

Ila hoja hiyo ina upande wa pili ambao mfugaji hapendi kuugusa. Kundi lisiloongezeka haliongezi joto, sawa, lakini linalishikilia joto lililokwisha kuletwa. Ukiipunguza methani, joto linashuka ndani ya miaka michache, jambo ambalo hewa ukaa haiwezi kukupa. Ndiyo sababu katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa Novemba 2021 zaidi ya nchi 100 ziliahidi kuipunguza kwa pamoja asilimia 30 ifikapo 2030, kutoka kiwango cha 2020. Tena kuna suala la haki: tukisema kila mtu abaki na kundi alilo nalo, aliyejaza malisho mapema anapewa hati miliki ya anga, na anayeanza kufuga leo anaambiwa nafasi zimejaa. Sayansi haiwezi kutuamulia hilo.

Na kuna funzo jingine kutoka New Zealand. Daftari la pekee ni rahisi kulipata na ni rahisi pia kulifungua upya. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kulishusha lengo la methani la 2050 hadi kati ya asilimia 14 na 24. Kilichotengwa kwa sababu ya kisayansi kilipunguzwa kukiwa na shinikizo la kisiasa, na kwa kuwa kilisimama peke yake, hakuna sekta nyingine iliyolazimika kulipa tofauti hiyo. Chini ya lengo moja la taifa, mtu angeuliza: basi nani anaziba?

Hapo watetezi wa lengo moja wanapata nguvu, na wana mfano mzuri zaidi ya huo. Chukua kaya inayopikia mkaa. Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, hewa ukaa itokanayo na kuni na mkaa haihesabiwi kwenye sekta ya nishati, kwa kuwa imekwisha kuhesabiwa pale mti ulipokatwa, kwenye daftari la ardhi. Kaya hiyo ikihamia gesi ya mtungi, daftari la nishati linapanda ghafla: gesi ni mafuta ya kisukuku, yachimbwayo ardhini. Daftari la ardhi linapata nafuu, huenda kubwa kuliko hasara hiyo, kama mkaa ule ulitokana na miti isiyorudishiwa. Waziri wa nishati aliyefungwa na ukomo wa sekta yake atapigwa faini, kwa mfano wa maneno, kwa kufanya jambo jema. Anayesimamia msitu ndiye atakayesifiwa.

Mbolea ya viwandani ni hivyo hivyo. Moshi wa kiwanda kinachoitengeneza unaandikwa upande wa viwanda, oksidi ya nitrasi, gesi joto nyingine inayofuka shambani, inaandikwa upande wa kilimo, dizeli ya trekta inaandikwa upande wa nishati. Shamba ni moja, madaftari matatu. Mchumi atakwambia: weka jumla moja, acha kila tani ipunguzwe pale inapogharimu kidogo. Kwa karatasi yuko sahihi.

Kisha inakuja ardhi, na hapo ndipo mimi ninapoachana na mchumi.

Finland ilipitisha sheria mwaka 2022 kwamba ifikapo 2035 itakuwa inanyonya kiasi kilekile inachotoa. Si nchi ya kubahatisha. Ina hesabu za misitu za miaka mingi kuliko karibu taifa lolote. Mpango ulitegemea misitu ifute sehemu kubwa ya gesi joto ambayo mitambo, magari na mashamba yangeendelea kutoa. Kumbe msitu ulikuwa umechoka. Takwimu zilionyesha kwamba mwaka 2021 sekta ya matumizi ya ardhi iligeuka kutoka mnyonyaji hadi mtoaji. Ukataji ulikuwa umepanda, miti ilikuwa inakua polepole kuliko ilivyotarajiwa, na ardhi chepechepe yenye mboji nene, iliyokaushwa zamani kwa mitaro, iliendelea kufuka hewa ukaa. Baada ya vita vya Ukraine kukata magogo kutoka Urusi mwaka 2022, mahitaji ya mbao za nyumbani yakazidi.

Angalia kilichotokea. Hakuna mtambo mpya wa makaa ya mawe uliojengwa, hakuna aliyevunja ahadi. Upande wa nishati ulikuwa unashuka vizuri. Lakini lengo la taifa likawa mbali kuliko lilivyokuwa siku lilipoandikwa, kwa sababu sehemu yake ilikuwa imewekwa rehani kwa kitu ambacho hakuna waziri anayekiamuru. Na hiyo ni nchi yenye vipimo bora. Pale misitu inapokadiriwa kwa picha za setilaiti na makisio, tarakimu ya ardhi inaweza kuyumba kwa mamilioni ya tani bila mti hata mmoja kukatwa au kupandwa, mtaalamu akishabadilisha tu kanuni ya kukokotoa.

Wajanja walilijua hilo mapema. Katika mazungumzo ya mkataba wa tabianchi wa Kyoto mwaka 1997, Australia ilipata ruhusa ya kuingiza ufyekaji wa misitu katika hesabu ya mwaka wake wa msingi, ule wa kulinganishia, 1990. Ufyekaji ulikuwa mkubwa mwaka huo na tayari ulikuwa umeshuka mkataba ulipokuwa unaandikwa. Mwaka wa msingi ukavimba, na nchi ikaanza mbio ikiwa imeshavuka nusu ya uwanja, huku lengo lenyewe likiiruhusu kuongeza asilimia 8. Halikuwa kosa la hesabu. Ilikuwa hesabu nzuri mno.

Kwa njia, mwaka wa msingi si mlango pekee wa kujipitishia. Nchi nyingi zinazoendelea hupima lengo dhidi ya makisio ya mambo yangekuwaje kama hakuna kingefanyika. Kenya, katika mpango wake wa 2020, iliahidi kupunguza asilimia 32 chini ya makisio ya tani milioni 143 kwa mwaka 2030. Ukikokotoa unapata kama tani milioni 97. Mpango huohuo unataja kwamba mwaka 2015 nchi ilitoa tani milioni 93.7. Msomaji wa haraka anasikia "kupunguza theluthi". Kilichoahidiwa hasa ni kutoongezeka sana. Sisemi ni hila. Kwa nchi inayotoa kidogo na ambayo bado inahitaji umeme, barabara na chakula, kutoongezeka sana ni ahadi nzito, na sehemu kubwa ya gharama yake ilitegemea fedha kutoka nje. Lakini asilimia peke yake haikuambii hilo, na katika nchi ambayo kilimo na ardhi ndivyo vinavyoongoza kwa gesi joto, ni muhimu kujua makisio yale yalidhani ng'ombe wangapi na miti mingapi.

Wangapi ni neno linalostahili kukaliwa kitako. Njia nyepesi ya kuhesabu methani ya mifugo ni kuchukua idadi ya vichwa na kuizidisha kwa kiwango kimoja kilichowekwa kwa bara zima. Ukitumia njia hiyo, mfugaji anayeboresha malisho, akapata maziwa mengi kwa ng'ombe wachache na kuuza mapema wale wasio na faida, anaonekana tu kwa kupungua kwa vichwa. Ubora wa malisho yenyewe hauonekani kabisa. Kumwekea mfugaji huyo ukomo wa sekta kabla ya kuwekeza katika vipimo ni kumwambia kwa lugha ya kitaalamu: chinja. Daftari la kilimo bila vipimo ni dhuluma, na hapa nawapa haki wanaopinga malengo ya sekta kwa nchi zenye wafugaji wadogo.

Denmark ilianzia mezani badala ya kwenye karatasi. Mwaka 2024 serikali, wakulima na watetezi wa mazingira walikubaliana kodi ya gesi joto ya mifugo: kroner 300 kwa tani kuanzia 2030, ikipanda hadi 750 mwaka 2035, na punguzo la asilimia 60 linaloacha mzigo halisi wa 120, kisha 300. Kuna wanaodai ni ndogo mno. Lakini makubaliano hayohayo yalitenga hekta 250,000 za kupandwa misitu, na pia yalipanga kurudisha maji katika ardhi chepechepe zilizokaushwa, na mkulima akajua ardhi yake itanunuliwa kwa fedha ipi. Kodi, ardhi na fidia viliandikwa katika mkataba mmoja, huku kila kimoja kikiwa na tarakimu yake.

Nikilazimika kuchagua, nachagua madaftari matatu, la ng'ombe, la mtambo na la msitu, yenye ukuta mmoja usiopitika na mlango mmoja ulio wazi. Ukuta uwe kati ya msitu na moshi wa mafuta ya kisukuku: tani inayokaa angani kwa karne nyingi isilipwe kwa tani inayoweza kuungua kiangazi kijacho. Umoja wa Ulaya umekaribia hapo bila kufika. Sheria yake ya 2021 inataka kupunguza asilimia 55 ifikapo 2030 kulinganisha na 1990, na imeweka kikomo: mchango wa ardhi hauhesabiwi zaidi ya tani milioni 225. Msitu ukinyonya zaidi, vizuri, lakini nishati haipati likizo kwa sababu hiyo. Kikomo si ukuta kamili, ila kinajulikana urefu wake.

Mlango nauacha kwa ajili ya kaya ile ya mkaa. Nishati ya miti ihesabiwe katika madaftari yote mawili kwa pamoja, ya nishati na ya ardhi, na waziri anayehamisha watu kutoka mkaa kwenda gesi au umeme apewe katika ukomo wake sehemu ya kaboni aliyoiokoa msituni, ikiwa imepimwa. Gharama ya kupima ni kubwa, na nchi nyingi zitaona ni nafuu kuendelea kukisia. Zikikisia, mlango huo ubaki umefungwa hadi vipimo vije, na waziri wa nishati avumilie daftari lake kuonekana baya kwa miaka michache.